Dawa Imenyamazisha Sauti, Sasa Nani Atamfunza Kupanda Mat? Ukweli Kuhusu Skizofrenia na Stadi za Maisha, Stori ya Kisauni

Leo hakuna stori ya msanii kuachwa wala beef ya mtu na mtu. Tulia kidogo, soma hii hadi mwisho, kwa sababu naamini kwenye ploti yenu kuna mtu inamhusu.

Niko na binamu yangu hapa Kisauni, mtoto wa mama mdogo. Amenipita miaka miwili. Sote tulienda chuo, sote hatukumaliza. Mimi niliacha kwa sababu ya fees, na wasee wa mtaa wakaniita hasla. Yeye aliacha kwa sababu alianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo, na wasee walewale wakamwita kichaa. Hiyo tofauti haijawahi kunitoka kichwani.

Alipopelekwa hospitali akaanza dawa, sauti zilipungua. Baada ya miezi kadhaa zikawa kama redio ya jirani: ziko mbali, hazimzuii kulala. Nyumbani ilikuwa sherehe. Mama mdogo alichinja kuku. Tukadhani kazi imeisha, jamaa atarudi kuwa yule tunayemjua.

Hakurudi. Alikuwa anaamka saa tano, anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, anaangalia tuktuk zikipita hadi giza. Haogi mpaka aambiwe. Ukimpa soo akanunue maziwa, anarudi na soo yake mkononi, kwa sababu dukani kulikuwa na watu wanne na hakujua aanze vipi kubonga. Na huyu ndiye msee aliyekuwa anatupigia hesabu ya chenji kwenye mat tukiwa shule ya msingi.

Halafu mwaka jana mama mdogo akalazwa siku tatu, presha. Siku ya pili nilipopita pale nyumbani nikamkuta jamaa hajala tangu jana yake. Unga ulikuwepo. Gesi ilikuwepo. Sukuma ilikuwa imefungwa kwenye karatasi. Hakujua aanzie wapi. Na dawa zake, ambazo kila usiku mama alikuwa anamwekea mkononi pamoja na glasi ya maji, hakuwa amemeza hata moja.

Nilisimama pale jikoni nikajiuliza swali ambalo familia nyingi hazitaki kujiuliza kwa sauti: mama akiondoka kabisa, je?

Swali hilo ndilo lilinifanya nianze kusoma kuhusu kitu kinaitwa mafunzo ya stadi za maisha. Wacha niwachanue.

KWANZA, SKIZOFRENIA NI NINI?

Tuondoe uongo wa filamu. Skizofrenia si kuwa na "watu wawili ndani ya mtu mmoja". Na si kweli kwamba kila mwenye nayo ni hatari. Mara nyingi ni wao ndio wanapigwa, wanaibiwa na kudhulumiwa.

Ni ugonjwa wa ubongo unaovuruga jinsi mtu anavyofikiri, anavyosikia na anavyoelewa yanayoendelea. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 20 duniani wanaishi nao, takriban mtu 1 kati ya kila 300. Hebu fikiria umati wa soko la Kongowea asubuhi, halafu piga hesabu. Mara nyingi unaanza mwisho wa ujana hadi miaka ya ishirini na kitu, yaani umri wako wewe unayesoma hii. Wanaume huwa unawaanza mapema kidogo kuliko wanawake.

Dalili zake ziko za aina tatu, na hapa naomba uwe makini, kwa sababu stori yote iko hapa.

Aina ya kwanza ni zile zenye kelele. Kusikia sauti. Kuamini mtu anakufuatilia, ama redio inakutaja jina. Hizi ndizo mtaa unaziona.

Aina ya pili ni zile za kimya. Hamu inaisha. Uso unakosa hisia. Maneno yanakuwa machache. Kuoga, kutoka nje, kusalimia watu, yote yanakuwa mlima. Hizi mtaa unaziita uvivu.

Aina ya tatu ni za akili ya kazi: kukumbuka, kushika kitu kimoja bila kupotea, kupanga hatua. Kupika ugali kwako ni kitu kimoja. Kwa mtu ambaye mpangilio wa kichwa umevurugika, ni hatua kumi na mbili, na akipoteza ya tatu, tisa zilizobaki zinaanguka nayo.

Sasa sikiza. Dawa tulizo nazo zinasaidia sana aina ya kwanza. Aina ya pili na ya tatu zinaziguza kidogo tu. Ndio maana binamu yangu alinyamaziwa na sauti lakini bado hakuweza kununua maziwa. Hakuwa mvivu. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake, na kazi iliyobaki haikuwa ya dawa.

Isitoshe, fikiria huu ugonjwa unashika mtu lini. Ni ule umri wengine wetu tunajifunza kulipa rent, kupika, kutongoza, kuomba kazi, kukataliwa kazi. Yeye miaka hiyo ameipitisha wodini na kitandani. Mambo mengine hakuyasahau. Hakupata nafasi ya kuyajua.

STADI ZA MAISHA NI GANI HIZO?

Usifikirie kitu kikubwa. Ni yale mambo unafanya bila kufikiria: kuoga, kufua, kupika chakula rahisi, kushika pesa, kupanda gari, kumeza dawa kwa wakati, kuanzisha na kumaliza mazungumzo, kujua ufanye nini na siku yako.

Mmoja wa waliofanya hii kitu iwe na mfumo ni daktari wa akili wa Marekani anaitwa Robert Liberman, wa chuo kikuu cha UCLA kule California. Kuanzia miaka ya 1970 yeye na wenzake walichukua ujuzi wa kila siku wakaugawanya kwa mafungu: fungu la kusimamia dawa zako mwenyewe, la kutambua dalili, la mazungumzo, la kupitisha wakati. Walifunza jinsi kocha wa boli anavyofunza penalti. Unaelezwa. Unaonyeshwa. Unajaribu kwa kuigiza. Unaambiwa palipo sawa na pa kurekebisha. Unarudia. Halafu unapewa kazi ya kwenda kufanya huko nje.

Angalia vizuri: hakuna mahali pa kufokea mtu hapo.

JE, INAFANYA KAZI? NISIKUDANGANYE

Hapa waandishi wengine wangekuambia "wataalamu wamethibitisha" halafu wapite. Mimi nilichimba kidogo.

Mwaka 2012 watafiti wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzipima pamoja, walicheki mafunzo ya stadi za maisha kwa watu wenye magonjwa sugu ya akili. Walipata tafiti 7 tu, zenye watu 483. Na hawakuona tofauti ya wazi kati ya waliofunzwa na waliopata huduma ya kawaida. Hawakusema mafunzo ni bure. Walisema ushahidi uliopo ni mdogo na hafifu.

Mimi niliposoma hivyo nilichoka. Lakini watu wa hii fani wana tatizo wanalolijua tangu zamani, na ukilielewa utaona kwa nini mambo yanaweza kuwa hivyo: mtu anajifunza kitu darasani, lakini hakibebi hadi nyumbani. Unaweza kumfunza msee kupika kwenye jiko la hospitali, safi kabisa, sufuria mpya, mpishi wa umeme. Anarudi kwao Mlaleo anakuta mkaa, sufuria yenye shikio moja na watoto watano wanapita katikati. Hicho si kitu kimoja tena. Ubongo wenye shida ya kupanga hatua hauwezi kutafsiri ule wa kule kuwa huu wa hapa.

Kwa hivyo somo langu ni hili: stadi inafaa kufunzwa palepale itakapotumika. Jiko ni lenu, duka ni lile la kona, na mat ni hiyohiyo inayopita kwenu.

Na kuna ushahidi wa karibu na sisi unaoelekea huko. Ethiopia, wilaya ya Sodo, wagonjwa wa skizofrenia waliokuwa tayari wanapata dawa kliniki waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliendelea na kliniki peke yake. La pili liliongezewa mhudumu wa kawaida wa jamii, si daktari, aliyepewa mafunzo na kuwatembelea nyumbani kwao, akafanya kazi na familia na majirani, akawasaidia kurudi kwenye shughuli na kazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 kwenye jarida la Lancet Global Health: baada ya miezi 12, kundi lililotembelewa lilikuwa linaweza shughuli za maisha vizuri kuliko lingine.

Jirani zetu Tanzania nao walijaribu yao, kwa Kiswahili. Programu inaitwa KUPAA, kifupi cha Kuwezeshana Kupata Uzima, na ilifanyiwa Muhimbili kule Dar es Salaam na hospitali ya rufaa ya Mbeya. Mgonjwa hakuja peke yake. Alikuja na ndugu yake, wakakaa na familia nyingine, wakajifunza ugonjwa pamoja na kutatua shida za nyumbani moja baada ya nyingine. Hilo jina nalipenda. Hawakusema "kumwezesha". Walisema "kuwezeshana".

KISAUNI HALI IKO AJE?

Tusijidanganye. Ukitoka Kisauni kwenda wodi ya akili ya Port Reitz, unavuka Nyali Bridge, unaingia town, unabadilisha gari, unaenda hadi upande wa Changamwe. Mat mbili kwenda, mat mbili kurudi, na foleni ya kliniki katikati. Kwa mtu anayeogopa watu wanne dukani, hiyo safari peke yake ni mtihani wa kitaifa. Wengi wanasare dawa si kwa ukaidi. Safari imewashinda.

Halafu kuna yale mengine ya mtaa. Ati ni majini. Ati karogwa na mashangazi. Ati ni bhangi tu, akiacha atapona. Nikuambie ninachojua: ugonjwa huu unachangiwa na mambo mengi, ikiwemo damu ya ukoo na jinsi ubongo ulivyokua. Bhangi inaongeza hatari, hasa ukianza ukiwa mdogo na ukivuta ile kali. Muguka na miraa zina kichocheo ndani yake, na kwa mtu ambaye tayari anaumwa zinaweza kuzidisha sauti. Mnakumbuka Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alivyopiga muguka marufuku Mombasa na mambo yakaishia kortini. Siasa yake waachie wenyewe, lakini kama kwenu kuna mtu wa skizofrenia, usimkaribishe kwenye kigoda chako cha kutafuna. Hiyo si ushikaji.

Dua na kisomo kama ni imani yenu, endeleeni. Kitu kimoja tu: visiwe badala ya dawa. Sheikh ama pasta mwenye busara hatakuambia utupe vidonge.

Na sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Juni 2022 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi mabadiliko ya Sheria ya Afya ya Akili. Yanampa mgonjwa haki ya kushirikishwa kupanga matibabu yake mwenyewe na haki ya kupata bima ya matibabu, na yanazipa kaunti jukumu la matibabu na pia la kumrudisha mtu kwenye maisha yake. Kwa hivyo siku ukiuliza kliniki "na baada ya dawa, kuna nini?", hujaomba fadhila.

SISI TULIANZA HIVI

Sisi si wataalamu. Nachosema hapa si badala ya daktari. Ni yale tuliyoyasoma, tukamuuliza muuguzi wa kliniki, tukajaribu.

Tulimuuliza yeye kwanza. Hatukuwahi! Miaka yote tulikuwa tunaamua. Tukamuuliza, "Wewe unataka uweze kufanya nini?" Mimi nilidhani atasema kazi. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema anataka kujinunulia viazi karai jioni bila kutumwa na bila kusindikizwa. Basi tukaanza na viazi karai.

Tuligawanya. Kutoka nyumbani. Kufika kwa mama wa viazi. Kusalimia. Kusema "nipe vya hamsini na ukwaju". Kutoa pesa. Kungoja chenji. Kusema asante. Kuondoka. Nikaandika kwenye karatasi, tukaibandika ukutani.

Tukaigiza. Mimi nikawa mama wa viazi, na leso kiunoni, binamu akacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Siku ya kwanza mimi nilinunua, yeye akaangalia. Siku nyingine tukanunua pamoja. Halafu akanunua mimi nikiwa nyuma hatua tano. Halafu mimi nikabaki kwenye kona. Ilichukua wiki tatu. Kuna siku alifika akageuka akarudi, na tukakubaliana hiyo siku haina neno.

Ukitaka kujaribu kwenu, shika hizi:

1. Kitu kimoja kwa wakati. Usimwambie "oga, fua, fagia, halafu uende dukani". Umeshampoteza kwenye "fua". Sema kimoja, ngoja kiishe.

2. Saa ileile, mahali palepale. Mswaki baada ya chai, kila siku. Ukibadilisha mpangilio kila siku, kila siku unaanza upya.

3. Dawa ziwe mikononi mwake, pole pole. Nunua kile kiboksi cha vyumba saba vya siku saba. Wiki ya kwanza mnajaza pamoja. Wiki nyingine anajaza wewe ukiangalia. Weka kengele kwenye simu. Kama vidonge vinamshinda, ongeeni na daktari kuhusu sindano ya kila mwezi, ipo. Na dawa zikimfanya atetemeke, akauke mdomo ama anenepe ghafla, aseme kliniki. Wengi wanaacha dawa kimyakimya kwa sababu hakuna aliyewauliza zinawafanya wajisikieje.

4. Pesa kidogo, za kweli. Mpe soo mbili za wiki azisimamie mwenyewe. Atakosea. Acha akosee na soo mbili, ni afadhali kuliko kukosea na elfu ishirini baadaye. Kwenye M-Pesa, mfunze kitu kimoja kwanza: PIN haisemwi kwa mtu yeyote anayepiga simu, hata akisema ameshinda gari. Wakora wa simu wanapenda sana watu kama hawa.

5. Gari kwa hatua. Stage bila kupanda. Kisha vituo viwili. Kisha safari nzima mkiwa kiti kimoja. Kisha viti tofauti. Chagua saa nne asubuhi, si saa kumi na mbili jioni watu wakipigania mlango.

6. Mjue dalili za kurudi. Kila mtu ana zake. Wa kwetu huanza kwa kukosa usingizi siku mbili, halafu anafunga pazia mchana. Tumeziandika. Tukiona mbili pamoja, hatungoji tarehe ya kliniki.

7. Sifa hapo hapo. "Umelipa vizuri" inatosha. Usimpigie makofi kama mtoto wa chekechea, ni mtu mzima.

KOSA KUBWA LA MAPENZI

Kuna mtafiti wa Uingereza, George Brown, ambaye tangu miaka ya 1950 yeye na wenzake walifuatilia wagonjwa waliotoka hospitali London. Waligundua kwamba aina ya nyumba mtu anayorudi inabadilisha sana kama ataanguka tena ama la. Nyumba zenye kulaumu, zenye uhasama, na zile za kumkalia mtu sana, za kumfanyia kila kitu, zilikuwa na wagonjwa wengi zaidi wanaorudi hospitali.

Hayo ya kulaumu kila mtu anaelewa. Hayo ya mwisho ndiyo yaliniuma, kwa sababu ndiyo yalikuwa yetu. Mama mdogo hakuwahi kumfokea. Alimpikia, alimfulia, alimmezesha dawa, alimjibia hata salamu. Ukimuuliza jamaa "habari yako", mama ndiye anajibu "hajambo". Ilikuwa mapenzi matupu. Na mapenzi hayohayo ndiyo yalimfanya akae siku nzima na njaa mbele ya unga.

Kumwambia mama wa Pwani aache kumpikia mwanawe si mchezo. Nilipomgusia alikasirika. "Kwani wewe wataka mwanangu ateseke?" Sikumjibu. Nilimwonyesha tu karatasi ya viazi karai. Siku jamaa alipoingia na mfuko wake mwenyewe, akatoa chenji akaiweka mezani, mama mdogo aliingia chumbani akafunga mlango. Kesho yake, mwenyewe bila kuambiwa, alimwita mwanawe jikoni. "Njoo nikuonyeshe chai."

Wala sisemi mama alikuwa na makosa. Yeye alibeba peke yake kitu ambacho kilihitaji watu kumi. Mimi nilikuwa mmoja wa hao kumi na nilikuwa nimeketi maskani napiga stori.

WEWE UNAWEZA NINI?

Huenda wewe si ndugu wa mtu. Ni jirani tu. Bado una kazi.

Ukiwa na duka, mhudumie bila haraka na umpe chenji kamili. Ukiwa konda, mwambie stage yake ikifika. Ukiwa maskani na apite, mwite jina lake, lile alilopewa na wazazi, si lile mlilompa nyinyi. Mtu hawezi kujifunza kubonga na watu kama watu wamekataa kubonga naye. Stadi ya mazungumzo inahitaji mtu wa pili.

Ukiwa na ndugu anayeumwa, uliza kliniki kama kuna kikundi cha familia. Ongea na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, wale wanaopita nyumba kwa nyumba. Kitaifa kuna shirika la Users and Survivors of Psychiatry Kenya, linaloongozwa na watu ambao wenyewe wamepitia haya. Na mambo yakiwa mazito usiku, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni bure kupiga.

Na kama ni wewe mwenyewe unayesikia sauti, ama umeanza kuhisi watu wote wanakujadili, na unasoma hii ukiwa umejifungia: mwambie mtu mmoja leo. Mapema ni bora. WHO wenyewe wanasema angalau mtu 1 kati ya 3 wenye skizofrenia anaweza kupona kabisa, na wengi wa waliobaki wanaweza kuishi vizuri na ugonjwa wao.

Binamu yangu hajapona kabisa. Siwezi kukudanganya. Kuna wiki anarudi kwenye kiti cha plastiki. Sauti zinapita mara mojamoja. Chuo hajarudi, na sijui kama atarudi. Mimi pia sijarudi, kwa hivyo hapo tuko sare.

Lakini anapika chai, yenye tangawizi nyingi kupita kiasi. Anajaza kiboksi chake kila Jumapili. Na mwezi uliopita alienda Port Reitz kuchukua dawa, mimi nikiwa kwenye mat hiyohiyo, kiti cha nyuma kabisa, nikijifanya simjui kama tulivyokubaliana. Konda alipofika kwake alitoa nauli. Konda akampa chenji. Akaihesabu.

Halafu akageuka akamwambia konda, "Boss, umenikata mbao."

Na kweli alikuwa amekatwa.